Shangazi wa Nyaya: "Nimekreki ruta, sasa watu wanataka kununua"

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Mbagala. Mwaka jana nilinunua CPU ya mtumba Kariakoo, Dell OptiPlex yenye Core i5, nikaongeza kadi ya Intel yenye matundu manne ya waya, nikaipiga RouterOS ya kukreki, ile programu ya MikroTik inayoigeuza kompyuta kuwa ruta, leseni ya juu kabisa, Level 6. Nina antena tatu juu ya bati la nyumba ya baba mdogo na wateja kama sitini. Jero kwa masaa sita, buku kwa siku nzima. Mashine haijawahi kunisumbua. Mafundi wenzangu wameiona, wanataka niwatengenezee. Nimeshauza mbili, moja kwa laki tatu na nusu, nyingine laki nne kwa sababu mteja alitaka na kabati lake. Kuna shule binafsi nayo imeniulizia. Rafiki yangu anasema nauza mali ya wizi. Mimi namwambia ile kampuni ni ya Wazungu, ina mabilioni, haijui hata kama Mbagala ipo, na hakuna ruta niliyomnyang'anya mtu. Tena bila mtu kama mimi, watoto wa huku wangepata wapi intaneti ya jero? Kosa langu liko wapi, Shangazi?
Mwenye Mtandao, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera ya bati. Antena tatu, wateja sitini, na hujaniandikia kulalamika kwamba mtandao unakatika. Mafundi wenye ofisi na viyoyozi wananiandikia hilo kila mwezi.

Pili, usidhani unaongea na malaika. Mwaka 2003 nilikuwa kwenye kibanda cha intaneti Tanga, kompyuta kumi na mbili, na zote nilizipiga windo mwenyewe kwa CD moja iliyoandikwa kwa kalamu nene, na ule ufunguo wa Windows XP ulioanza na FCKGW. Kila fundi wa zama zile aliujua kwa kichwa. Sikuwahi kujiuliza ulitoka wapi. Kwa hiyo haya nitakayokuambia hayatoki kwa mtu aliyezaliwa na leseni mkononi.

Tuanze na hao Wazungu wako. MikroTik ni kampuni ya Latvia, nchi ndogo kwenye bahari ya Baltiki yenye watu wasiofika milioni mbili. Dar es Salaam peke yake inawameza mara mbili na bado ina njaa. Walitoka kwenye Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, na kampuni ikaanza mjini Riga mwaka 1996. RouterOS yao ya mwanzo ilitengenezwa iwekwe kwenye kompyuta za kawaida. Mbao zao wenyewe, zile RouterBOARD, zilifuata mwaka 2002. Yaani walianza na mchongo ule ule wako: CPU, kadi za mtandao, programu. Leo wana hela, sikatai. Lakini hoja ya "wana hela" naijua inakoishia. Siku moja kijana atapanda juu ya bati la baba yako mdogo achukue antena moja, kwa sababu wewe unazo tatu.

Unasema hukumnyang'anya mtu ruta. Ni kweli, aliyeiandika bado anayo. Ila hebu tufungue ile laki tatu na nusu. CPU ya mtumba na kadi yake unajua ulinunua bei gani. Ungempelekea yule fundi ile CPU tupu, bila kitu ndani, angekupa laki tatu na nusu? Asingekupa. Alilipia maneno mawili yanayoonekana akifungua Winbox, ile programu ya kuongozea ruta: Level 6. Hicho ndicho ulichomuuzia, na hicho si chako.

Na hapo ndipo ninapocheka, mwanangu, nisamehe. Leseni ya Level 4 inaruhusu watu 200 kwa wakati mmoja kwenye hotspoti. Level 5 ni 500. Level 6 haina kikomo. Wewe una watu sitini, na hao sitini hawaingii wote kwa pamoja isipokuwa labda siku ya Simba na Yanga. Level 4 kwenye orodha ya kampuni ni dola 45, Level 6 ni dola 250. Umeiba basi zima la Rangi Tatu kwenda nalo dukani kununua chumvi.

Hizo dola 45 ni kama laki moja na ushee, unalipa mara moja, haiishi muda. Zigawe kwa wateja wako sitini: kama elfu mbili kwa kichwa. Vocha za siku mbili. Nimelipigia hesabu hili kwa sababu hoja yako ya watoto na jero ndiyo hoja pekee ya barua yako niliyoiheshimu. Lakini jero haikutoka kwenye kreki. Imetoka kwenye jasho lako la kupanda bati, na kwenye kugawa bando moja kwa watu sitini. Ungenunua leseni siku ya kwanza, jero ingebaki jero.

Halafu kuna LUKU. Ile OptiPlex ikiwaka usiku na mchana, tuseme inakula wati 50, ipime mwenyewe. Kwa mwezi ni uniti 36. Ukiwa kwenye ile bei ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, hiyo ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Kisanduku kidogo cha MikroTik kinachoitwa hEX, chenye matundu matano ya gigabiti na Level 4 ndani yake tangu kiwandani, kinakula kama wati 5. Tofauti kwa mwaka ni laki moja na thelathini na kitu. Baba mdogo hajakuuliza bado kuhusu umeme? Atauliza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo rafiki yako hajalisema, na mimi ndilo linaloniuma. Nitakusimulia la kwangu.

Mwaka 2017 nilifunga mtandao kwenye nyumba moja ya wageni Morogoro, vyumba kumi na nane. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, hakujua ruta ni nini. Alijua tu wageni wanaondoka wakikosa Wi-Fi. Nikamwekea CPU ya mtumba na RouterOS ya kukreki, toleo la 6. Nilichukua hela ya ruta halali, sikumwambia. Ubavuni nikabandika karatasi kwa selotepu: USIIGUSE. USII-UPDATE. Maana wewe na mimi tunajua, ukiboresha toleo, kreki inakufa, na asubuhi unaamka na ruta isiyokubali leseni.

Aprili 2018 MikroTik wakatoa toleo 6.42.1. Lilikuwa linaziba tundu baya: kupitia mlango wa Winbox, mtu aliye popote duniani aliweza kusoma faili la watumiaji wa ruta yako, nywila zikiwemo, bila hata kubisha hodi. Kufika Agosti ruta zaidi ya laki mbili zilikuwa zimeingiliwa, wimbi la kwanza likianzia Brazil. Waliingiza kwenye kurasa za watu kijiprogramu cha Coinhive, kilichokuwa kinaitumikisha simu au kompyuta ya mgeni kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya mtu asiyemjua.

Septemba mzee akanipigia. "Binti yangu, wageni wanasema wakiwasha Wi-Fi yetu simu inachemka kama pasi." Nikadhani ni maneno ya wageni. Nikapanda basi. Nilipofungua Winbox nikaenda kwenye Web Proxy, kitu ambacho sikuwahi kukiwasha maishani mwangu, nikakikuta kinafanya kazi. Kwenye mafaili kulikuwa na error.html ambayo si mimi niliyeiandika. Kwenye ratiba ya kazi za ruta, mtu alikuwa ameweka amri ya kwenda kuchukua maagizo mapya nje kila baada ya muda. Na nywila yangu, ambayo wakati ule nilikuwa natumia ile ile kwa wateja wangu karibu wote, alikuwa nayo.

Nisikudanganye: wengi walioingiliwa mwaka ule walikuwa na leseni zao safi, ila walilala. Tofauti ni kwamba wao wakiamka, dawa ilikuwa kitufe kimoja, bure. Mimi kile kitufe nilikuwa nimekifunga mwenyewe, kwa karatasi na selotepu.

Nikanunua hEX kwa hela yangu nikamfungia. Nikamweleza yote, kwa sababu sikuona njia ya kumdanganya mara ya pili nikimwangalia. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo siku zote hizi pale kwenye kabati nilikuwa nimeweka nini?" Hata leo sina jibu zuri. Hakunifukuza, lakini tangu hapo akiniita kazini humwita na mpwa wake akae pembeni aangalie.

Ndiyo maana nakuuliza kuhusu zile mbili ulizouza: wenye nazo wanajua? Ukikreki ya kwako, ukalala nayo chumba kimoja, hatari ni yako na wateja wako sitini. Bado ni wizi, ila angalau mwizi ndiye anayekesha. Ukiiuza, umempa mtu nyumba yenye geti ambalo wewe hujui nani ana ufunguo wake. Na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Kampuni huweka sahihi ya kidijitali kwenye kila toleo, na ruta huikagua kabla ya kukubali chochote. Baadhi ya kreki za siku hizi zinafanya kazi kwa kubadilisha ule ufunguo wa kukagua: ruta inaacha kuamini sahihi ya Riga, inaanza kuamini sahihi ya aliyekreki. Yaani umemwondoa askari wa getini ukaweka wa kwako, na huyu mpya kitambulisho pekee anachokijua ni cha mtu ambaye hujawahi kumwona, aliyeweka lile faili kwenye chaneli ya Telegram. Huenda ni kijana mwema anayependa sifa tu. Huenda. Wewe hujui, na yule uliyemuuzia hajui hata kwamba kuna la kujua.

Shule ndiyo kabisa. Kompyuta ya mhasibu, namba za simu za wazazi, nywila za mifumo ya mitihani, vyote vinapita kwenye kisanduku chako. Jaribu hivi: kaa mbele ya mkuu wa shule umwambie, "Mwalimu, programu iliyomo humu ni ya kukreki, haiwezi kuboreshwa salama, na sijui aliyeikreki." Kama ulimi unakataa kulitoa hilo, basi hata biashara hiyo haipo.

Ya sheria nitayapitia haraka, maana hukuniuliza. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Ukiuza, si tena mtu aliyejisaidia, ni mfanyabiashara. Na kuna leseni nyingine ambayo hukuigusa kwenye barua: kuuza intaneti kwa watu kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mkataba wa lile bando unalogawa huenda unakataza kuuza tena. Usome, hata kama umeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Ufanye nini? OptiPlex yako usiitupe. Hifadhi mipangilio yako kwenye faili, soma mstari kwa mstari uhakikishe hakuna usichokitambua, kisha ipige upya kwa faili lililotoka kwenye tovuti ya MikroTik yenyewe, ununue Level 4. Au, kama hutaki kuwalipa kabisa, weka OPNsense. Hiyo ni programu huria ya ruta, ipo tangu 2015, na mfumo wa vocha umo ndani yake tayari. Utaumwa kichwa wiki mbili kwa sababu mkono wako umezoea Winbox, kisha utazoea. Kama ulikreki ili ujifunze tu, napo hukuhitaji: toleo lao la CHR linaendeshwa ndani ya kompyuta yoyote bila malipo, ila limebanwa spidi ya megabiti moja kwa kila tundu. Kwa mwanafunzi hiyo inatosha sana.

Kisha wapigie wale wawili. Najua ni vigumu. Waambie kilichomo, na uwape chaguo: uwanunulie Level 4, au uwarudishie hela. Usianze na shule kabla hujamaliza na hao.

Shangazi, mimi ni mama mwenye hosteli ya wanafunzi hapa Iringa. Fundi aliniuzia mashine ya kugawa Wi-Fi, akaniambia ina leseni ya juu kabisa. Ilifanya kazi miezi mitano. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikafa. Fundi akaweka diski nyingine akaichomekea flashi, ikawaka. Kesho yake muda kama ule ule ikagoma. Akaja tena na flashi, ikawaka, kesho yake ikagoma. Ameshakuja mara nne, kila safari elfu kumi. Anasema ni umeme wa Iringa. Kweli?
Mama Hosteli

Dada yangu, pole. Umeme wa Iringa tuuache, una kesi zake nyingine.

Ni huo mwendo wa "kesho yake muda ule ule" ulionionyesha ugonjwa. RouterOS ikiwekwa kwenye kompyuta bila leseni, inafanya kazi masaa 24 ya majaribio, basi, inasimama. Fundi wako anakuja na flashi, anaiweka upya, unapata masaa 24 mengine. Yaani umelipa elfu arobaini kwa siku nne ambazo kampuni inampa kila mtu bure.

Leseni ya programu hii kwenye kompyuta hufungwa kwenye diski. Diski ikifa, leseni inakwenda nayo. Aliyenunua kihalali huwaandikia MikroTik akaeleza, na wana utaratibu wa kumpa ufunguo mbadala kwa ada ndogo. Aliyekreki hana wa kumwandikia. Huenda safari hii kreki imemkatalia kwenye diski mpya, au faili lenyewe limempotea, na anaona aibu kukuambia.

Muulize swali moja tu, kwa upole: "Leseni imeandikishwa kwenye akaunti ya nani?" Kila leseni iliyonunuliwa ina akaunti kwenye tovuti ya kampuni, na akaunti ina jina. Akianza kuzungumzia volti, umeshapata jibu.

Usimwite mwizi lakini, angalau si kwa sasa. Soma barua ya kwanza ya leo: vijana wananunua hizi mashine tayari zimekrekiwa kutoka kwa vijana wengine, wanauza kama walivyoambiwa. Mlipe nyaya alizovuta na antena alizofunga, kama amezifunga vizuri. Zile elfu kumi nne, mwombe azirudishe au azikate kwenye kazi ijayo. Halafu nunua kisanduku cha kiwandani, kwenye boksi lake. Humo leseni imo ndani ya ubao, hakuna cha kuuliza. Na ununue kizuia mshtuko wa umeme, maana hapo fundi hakusema uongo.

Assalaam alaykum Shangazi. Nafunga mitandao Unguja, mara nyingine kwa programu za kukreki. Pato langu ni haramu?
Msomaji, Zanzibar

Waalaykumu ssalaam. Mimi ni mtu wa nyaya, mwanangu, fatwa si fani yangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wanazuoni walishalikalia: Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, kwenye kikao chake cha Kuwait Desemba 1988, lilikubali kwamba haki za uandishi, ugunduzi na majina ya biashara ni mali inayolindwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo ile hoja ya "kitu kisichoshikika si mali" usiende nayo mbali.

Nenda kwa shehe wako. Ila umuulize swali zima. Najua tunavyouliza: "Shehe, kuna programu ya kompyuta, nimeipata kwa mtu..." na shehe wa watu hajui unazungumzia nini. Mwambie umemfungia mteja, umechukua hela ya kitu halali, ukaweka kingine, na hukumwambia. Hilo la kumficha mnunuzi kasoro ya bidhaa atalielewa kabla hujamaliza kikombe, na nadhani jibu lake unalijua tangu chuoni.

Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa. Nanunua ruta kuukuu, naziwekea OpenWrt, programu huria ya ruta, nauzia wenzangu wa hosteli. Rafiki yangu anasema hata mimi ni mwizi, kwani nauza kitu cha bure na nimefuta programu ya kampuni. Halafu nisaidie swali: nichague ruta gani?
Mpenda Ruta, Mombasa

Mwambie rafiki yako atafute kisa cha Linksys WRT54G, ile ruta ya bluu na nyeusi iliyotoka Desemba 2002. Watu walipoichunguza walikuta ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake ya GPL inasema: chukua, badilisha, uza ukitaka, lakini unayempa umpe na msimbo wake, yaani yale maandishi ya programu yenyewe. Linksys hawakuwa wameutoa. Cisco ndiyo iliyoinunua Linksys mwaka 2003, na mwaka huo huo, baada ya kelele nyingi, msimbo ukatolewa. Kutokana na msimbo ule watu wakaanza OpenWrt mwaka 2004. Na haikuishia hapo: Desemba 2008 taasisi ya Free Software Foundation iliipeleka Cisco mahakamani kwa kutotimiza masharti hayo hayo kwenye bidhaa za Linksys, wakapatana mwaka 2009.

Napenda kukisimulia kisa hiki kwa vijana wanaoniambia wizi wa programu ni jambo la maskini wa Mbagala na Likoni. Kampuni yenye mawakili wa kujaza daladala nayo ilibeba kazi ya watu ikaipa jina lake. Wewe unachofanya ni kinyume chake. Kuuza unaruhusiwa. Unachodaiwa ni kumwambia mnunuzi kwamba ni OpenWrt, na kumpa msimbo wake, au ahadi ya maandishi kwamba akiutaka utampa. Kikaratasi ndani ya boksi chenye ahadi hiyo, anwani ya mradi na namba ya toleo kitasaidia. Ukibadilisha, utoe na wa kwako. Kufuta programu ya kiwandani kwenye ruta uliyoinunua si wizi, ni kama kupaka rangi baiskeli yako, ila mwambie mnunuzi kwamba dhamana ya kiwanda asiitegemee.

Ruta gani? Nitakuambia ya kukimbia kwanza: TL-WR841N ya TP-Link, ile nyeupe yenye antena mbili iliyojaa kila duka la mitumba. Matoleo yake mengi yana megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za RAM, na OpenWrt ya sasa haitoshi humo. Utabaki na toleo la zamani lisilozibwa matundu, tukarudi kule kule kwa mzee wa Morogoro. Tafuta yenye angalau 16 za hifadhi na 128 za RAM. Na usiamini jina lililo juu ya boksi, maana ruta ya jina moja huwa na matoleo kumi tofauti ndani. Igeuze kabla hujatoa hela, soma kile kibandiko cha chini penye "Ver", ulinganishe na orodha ya OpenWrt kwenye simu yako hapo hapo dukani. Muuzaji atanuna. Mwache anune.